Namba Nne Ukutani

Kinyozi Lante wa Bukom ana kuta nne dukani mwake, na tatu zina vioo. Ukuta wa nne ndio uliompatia jina Accra nzima. Umeandikwa kwa rangi nyeusi majina kumi ya mabingwa wa ngumi waliozaliwa mitaa ile, wa kwanza hadi wa kumi, na hakuna anayenyolewa pale bila kugeuza shingo kuutazama na kuliweka sikio lake hatarini.

Kila mwaka orodha hufunguliwa upya. Ngoma zikishapigwa marufuku kwa mila kuelekea Homowo, sikukuu ya mavuno, Bukom haibakiwi na kelele nyingine ya halali ila ubishi, basi watu hubishana kwelikweli: nani alitetea ubingwa mara nyingi, nani alikwenda kupigana ugenini, nani alikuwa akiletewa vibonde. Sikukuu ikipita, Jumatatu yake Lante hupaka chokaa na kuandika upya. Kelele ni za wote, lakini neno la mwisho ni la Kwatei.

Mtaa mzima ulimwita Ataa, kama mtu anavyomwita baba yake. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mrefu, suruali yake haikosi pasi hata siku ya mvua. Alikuwa jaji wa ngumi kwa miaka ishirini na moja, akikaa pembeni ya ulingo na karatasi yake ya pointi, na watu waliamini kwamba jicho lile halikosei. Ndiyo maana walimpa ukuta. Yeye naye aliupokea, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu mwenye haya asilale.

Alhamisi kabla ya sikukuu, ubishi ulifika kwa Bortey Okine, namba nne.

"Ataa, hebu tuelewane," Lante alisema, wembe ukiwa umesimama hewani juu ya kichwa cha mteja. "Mapambano arobaini na mbili. Kapigwa mara moja. Moja! Huyu uliyemweka wa pili kapigwa mara sita, na mbili katika hizo alitolewa amebebwa kama gunia la vitunguu."

"Alileta mkanda wa dunia," Kwatei alijibu.

"Na Bortey si angeuleta? Pambano la dunia lilikuwa limeshaandikwa! Bado kushikana mikono tu. Akaja yule Mtogo wa Lome, akamchukulia ubingwa aliokuwa nao kwa pointi mbili, safari ikafa."

"Basi ndiyo hivyo. Alishindwa."

"Aliibiwa!"

"Nani kamwibia? Sema jina lake." Sauti ya Kwatei ilipanda kuliko alivyotaka. "Majaji tulikuwa watatu. Karatasi ilisomwa. Pointi ni pointi, Lante. Mkianza kufukua karatasi za zamani, hapa hatabaki bingwa hata mmoja."

"Mzee mkali huyu," mteja alinong'ona chini ya shuka. "Mwenzenu nimenyolewa nusu, nimalizieni kwanza."

Watu walicheka. Korkoi hakucheka. Huyu alikuwa binti wa Bortey, muuza kenke, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na sufuria lake alikuwa ameliweka mlangoni hapohapo. Alimfungia mtu samaki wa kukaanga na pilipili, akajifuta mikono, akasema bila kumtazama yeyote, "Baba haitaki hiyo namba moja yenu. Tangu tumzike Baba Mkubwa Tettey hali vizuri. Ni raundi ya kumi na mbili tu, kila siku raundi ya kumi na mbili."

Kwatei aliinuka, akasema kichwa kinamgonga, akaenda zake.

Na kwa nini kisimgonge? Miaka thelathini na minne alikuwa ameimeza habari ile, na kila mwaka alisimama mbele ya ukuta akaitetea karatasi yake kwa kifua mbele. Tuiseme, kwa kuwa yeye hakuisema.

Kwa desturi ya ulingo wao bingwa hukaa kona nyekundu na mpinzani kona ya bluu, na karatasi ya jaji ina safu mbili kwa rangi hizohizo. Lakini Jumamosi ile ya pambano na Mtogo, mama yake Bortey alikuwa na wiki tatu tu kaburini. Nyekundu, kwa watu wa Bukom, ni nguo ya msibani. Tettey, kaka yake mkubwa aliyekuwa pia kocha wake, alisema mdogo wake hawezi kupigana huku amekalia rangi ya matanga, akaomba wabadilishane kona na mgeni. Akakubaliwa. Ikatangazwa, na Kwatei akasikia kwa masikio yake. Kisha kengele ikalia, na mkono wake ukafanya ulichozoea: raundi ya Bortey, kumi kwenye nyekundu, tisa kwenye bluu.

Alifanya hivyo kwa raundi nne. Bortey alishinda tatu kati ya hizo, na zote tatu zikaenda kwa Mtogo. Mwanzoni mwa ya tano Kwatei aliinua macho, akaiona ndoo ya bluu chini ya kiti cha Bortey, akaelewa alichofanya.

Dawa yake ilikuwapo. Unanyosha mkono, msimamizi anakuja, unakata namba, unaandika nyingine na kutia sahihi mbele ya watu. Lakini ndilo lilikuwa pambano lake la kwanza kubwa hivyo. Hata tai aliyoivaa ilikuwa ya kuazima. Aliwatazama majaji wenzake, watu wazima wenye mvi, akawaona jinsi watakavyocheka: mtoto wa Bukom asiyejua Bortey amekaa wapi! Akajiambia Bortey atamwangusha tu yule mtu, karatasi haitasomwa. Kuanzia raundi ya tano akaandika sawasawa. Zile nne akaziacha vilevile.

Bortey hakumwangusha. Kabla ya raundi ya mwisho Tettey alimshika mashavu akamwambia, "Nimehesabu. Umeshachukua saba. Usijitie hatarini, zunguka tu." Bortey akazunguka, raundi ikamponyoka. Jaji mmoja alimpa Bortey ubingwa, wa pili akampa Mtogo, karatasi ya Kwatei ikaamua: mia na kumi na tano kwa mia na kumi na tatu, kwa Mtogo. Kila mtu aliyejua hesabu aliona kwamba Bortey angeishinda raundi ile moja tu karatasi ingelingana, na kwa sare mkanda ungebaki kiunoni pake. Bortey naye alijua hesabu. Alimgeukia kaka yake palepale ulingoni, akamwambia, "Umeniua." Hakumsemesha tena. Tettey alituma watu mara tatu kuomba suluhu, mara tatu wakarudi walivyokwenda. Alipokufa mwezi wa tatu mwaka huu, Bortey alikwenda mazikoni akakaa kwenye viti vya wageni.

Kwatei naye alikuwapo mazikoni. Alikula hata wali.

Jumapili, siku ya pili ya Homowo, Bukom iliamka na kilio kama kawaida. Alfajiri ile kila nyumba humlilia aliyekufa mwaka huo, na jua likichomoza watu hunawa uso, hubadili nguo, hutoka kwenda nyumba hadi nyumba kupeana mikono na kumaliza ugomvi wa mwaka. Kwatei alikuwa barazani na bakuli la kiporo cha kpokpoi, chakula cha mahindi cha sikukuu ya jana yake, alipomwona Bortey akiingia uani peke yake, amevaa shati jeupe, macho mekundu.

"Heri ya mwaka, Kwatei."

"Heri, Bortey. Kaa. Maji?"

"Maji yatakuja. Niache niseme kwanza, nikikaa nitasahau nilivyopanga." Bortey alisimama mikono imeshikana mbele, mikono ile iliyowahi kulaza watu, sasa vidole vimepinda kwa baridi yabisi. "Leo asubuhi nimemlilia Tettey. Mara ya kwanza. Nimelia mpaka Korkoi akaogopa. Nikajiambia, mzee mzima, utaenda na chuki zako mpaka lini? Nikahesabu ninaowachukia. Wengi wameshakufa, afadhali. Majaji mlikuwa watatu, umebaki wewe."

"Bortey..."

"Ngoja. Nimekuchukia miaka thelathini na minne. Nakusalimia barabarani, moyoni nakutukana, hata mama yako simwachi. Wewe ulifanya kazi yako, uliandika ulichoona. Kosa halikuwa lako. Nimekuja kuomba radhi."

Akanyosha mkono.

Hapa ndipo Kwatei angesema. Mtu mwingine yeyote angesema hapa. Yeye aliupokea mkono, akautikisa, na mdomo wake ukatoa maneno kwa ulaini wa kutisha: "Yamekwisha, ndugu yangu. Nimekusamehe." Akayasikia mwenyewe yakitoka. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, ikamfika masikioni yakawa moto, na bado alikuwa anatabasamu.

Bortey alishusha pumzi, akacheka kidogo. "Afadhali! Jepesi hivi, na mimi nilikuwa nalikwepa. Sasa lete hayo maji ninywe, maana natoka hapa moja kwa moja makaburini. Nikamwambie Tettey nimemsamehe ile raundi ya kumi na mbili."

Bakuli la Kwatei lilianguka. Chenga za mahindi zikatapakaa kwenye saruji, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Usiende kumsamehe," alisema.

"Unasemaje?"

"Usiende kumwambia hivyo. Tettey hakukosea. Alihesabu sawasawa, Bortey. Ulikuwa na saba." Sauti ilikuwa ikimtoka kwa vipande. "Mimi nilikuandika kona nyekundu. Nilizoea bingwa nyekundu. Raundi nne nilimpa yule pointi zako. Nikaona, raundi ya tano nikaona kabisa, na sikunyosha mkono. Niliona haya kuchekwa."

Upande wa pili wa ukuta majirani walikuwa wakitakiana heri kwa vicheko.

Bortey hakupiga. Kwatei aliingoja ngumi ile, alitamani kabisa ije, hata alisogeza kidevu. Mzee yule alikaa chini polepole kwenye kigoda, akawa anatazama kpokpoi iliyomwagika.

"Ulikuwapo mazikoni," alisema baadaye.

"Nilikuwapo."

"Uliniona nimekaa na wageni."

"Nilikuona."

"Mara tatu alituma watu, Kwatei. Mara ya mwisho alimtuma Korkoi, mtoto wa miaka kumi na miwili. Aliniambia, baba mkubwa anasema alihesabu vizuri, anaapa. Nikamchapa yule mtoto." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ungeniambia hata mwezi wa pili. Hata mwezi wa pili, akiwa kitandani, ningewahi."

Kwatei alipiga magoti. Aliona hakuna sehemu nyingine ya kuuweka mwili wake. "Kesho nitamwambia Lante akuandike wa kwanza. Nitamweleza kila mtu sababu. Ni haki yako, Bortey, kesho hiyohiyo."

"Inuka, unachafua suruali." Bortey aliinuka yeye kwanza, akiegemea nguzo. "Ukinipandisha kesho, watu watashangilia, watanibeba, wewe watakuonea huruma kwa kusema kweli, na baada ya wiki mbili yamesahaulika. Hapana. Uniache wa nne."

"Wa nne?"

"Wa nne. Ukuta ni wako, si ndiyo? Utaulinda. Na hawa vijana, kila mwaka wanakuuliza kwa nini Bortey ni wa nne, unawapigia kelele. Sasa wakikuuliza, uwajibu. Uwaambie na Tettey alihesabu ngapi. Mwaka huu, na mwakani, na kila mwaka utakaokuwa hai."

Alikwenda zake bila kunywa maji, na alipofika mlangoni akageuka kushoto, njia ya makaburini.

Jumatatu duka la Lante lilijaa mpaka nje. Chokaa ilikuwa imeshakauka, nyeupe kabisa. Lante aliandika wa kwanza, watu wakaguna. Akaandika wa pili, wakazomea. Akaandika wa tatu. Kisha akachovya brashi, akageuka na tabasamu la uchokozi.

"Haya, Ataa. Sikukuu imepita, mioyo imelainika. Namba nne tunamweka nani?"

"Bortey Okine," Kwatei alisema.

Duka lililipuka. "Tena!" "Mzee roho mbaya huyu!" "Huyo alimnyang'anya mchumba, si bure!" Mlangoni Korkoi alikuwa ameacha kufunga kenke, kifuniko cha sufuria kikiwa mkononi, anamtazama. Nyuma yake, kwenye benchi la nje, Bortey alikuwa amekaa kwa shati lake jeupe, uso ameuelekeza barabarani.

"Tulieni!" Lante alipaza sauti, akampungia Kwatei brashi mpaka rangi ikamdondokea kwenye suruali ya pasi. "Mwaka huu hutoki hapa bila kutuambia, Ataa. Kwa nini Bortey ni wa nne?"

Kwatei alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Kwa sababu yangu," alisema. "Kaeni. Ni habari ndefu."