Kiti cha Mfalme wa Kilimani

Mfalme aliyezikwa kwenye kilima chetu hapa Yamato, Japani, aliishi miaka mia na arobaini. Mimi Torakichi, mshona mikeka mstaafu, huwaambia hivyo watalii wote, na nikiona wananisikiliza vizuri namwongezea mfalme mingine kumi.

Kila mpunga ukishavunwa, mkongwe kuliko wote kijijini hukalia kiti cha mfalme pale chini ya kilima, hunywa sake ya kwanza, pombe ya mchele mpya, na siku hiyo nzima ni marufuku kumbishia. Kutobishiwa! Nilikitamani kiti hicho tangu ujana. Mwaka huu kilikuwa wazi, na wakongwe tulibaki wawili: mimi na Bibi Shizue, muuza tofu ya soya. Yeye alizaliwa Januari, mimi Desemba ya mwaka uleule.

"Pisha hapo, kitindamimba wa mwaka," akaniambia, keshakamata kiti upande mmoja.

"Bibi wee, kwa hesabu ya kale mtoto huzaliwa na mwaka mmoja, na wote tunaongeza mwingine siku ya Mwaka Mpya. Tuko sawa!" Nikakamata upande wa pili.

Kuhani msimamizi wa sherehe akakuna kichwa. Mambo yote hapa hufuata hesabu ya kale, angesema nini?

Hapo Minako, binti anayefundisha chuo kikuu, aliyealikwa kuhutubia, akapanda jukwaani. Akasema kwa upole kwamba habari za mfalme ziliandikwa karne nyingi baadaye, kwamba umri ule hauaminiki, na labda hata hakuwahi kuwapo.

Watu wakanuna, mochi, yale maandazi ya mchele, zimewajaa midomoni. Nikaona kiti kinaniponyoka: bila mfalme, kile ni ubao tu.

"Mwalimu!" nikapaza sauti. "Zamani hizo kupanda ni mwaka, kuvuna ni mwaka mwingine. Mia na arobaini ni sabini yetu. Mfalme alikufa kijana!"

Nilijitungia palepale, lakini Minako akatabasamu. "Mzee, wapo wasomi waliowahi kuwaza hivyohivyo."

Ngoma zikalia. Nikaumuka kama mochi juu ya makaa.

Bibi Shizue peke yake hakushangilia. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Torakichi, mwaka ule tuliozaliwa, wakati wa kupanda nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Na wa kuvuna?"

"Ulikuwepo, lakini..."

"Wewe je?"

Nilikuwa bado tumboni.

"Basi nimekuzidi miaka miwili, mjukuu wangu. Toa mkono kitini."

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Akaketi, akanywa, akajipangusa midomo.

"Amri ya kwanza. Torakichi akae hapa miguuni pangu, amsimulie mwalimu maisha ya mfalme. Mfalme ambaye vitabu havina hakika naye anahitaji mwongo hodari."

"Bibi, mimi si mwo..."

"Unanibishia?"

Nikakaa. Akanimiminia sake ya pili. Nikamweleza Minako jinsi mfalme alivyofikisha miaka mia na hamsini kwa kula tofu ya jirani yake.

"Mia na sitini," akanisahihisha Bibi Shizue.

Minako akafungua mdomo, akatazama kile kiti, akaufunga.