Miguu Waliyoisifu Pasadena

Watu wakinisifu kwa zile filamu zetu za nyimbo na mapenzi, natazama chini. Wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni aibu tu, na nimeilea miaka kumi na minane.

Kutabasamu nilijua. Nilijua kuzunguka na gauni la manjano, nikaangukia mikononi mwa mwanamume, na nchi nzima ikaamini mapenzi ni kitu chepesi. Lakini viatu vya vyuma, vile vya kugonga mdundo sakafuni, vilinishinda. Mguu wangu wa kushoto ulichelewa kila mara. Wala haikuwa taabu, maana pale studio ngoma ilipigwa picha kwanza, na mlio wa viatu ukarekodiwa baadaye. Wangu aliurekodi Wilma Tadlock, mchezaji wa safu ya nyuma. Alisimama juu ya ubao katika chumba cha sauti, akaitazama picha yangu ukutani na kunipigia kila hatua. Mchana tuligawana mkate wangu, naye akaniita Malkia Mguu Mzito, nami nikacheka.

Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Akaniomba jambo moja tu: nimwambie bosi wetu, Bwana Brandt, kwamba miguu inayosikika ni yake, huenda akampa japo dakika moja mbele ya kamera. Nikamwapia. Shoga yangu, nikamwambia, hilo niachie mimi.

Jumatano tukaipeleka filamu mjini Pasadena kuwaonjesha watazamaji. Walipotoka walijaza kadi za maoni, na kadi hizo ndizo zilizoamua nani apande, nani atupwe. Bwana Brandt akasimama ukumbini akizisoma kwa sauti. Tabasamu langu halikutajwa hata mara moja. Miguu, miguu, miguu. Mmoja aliandika kwamba alifumba macho ili aisikie vizuri.

Kumbe bila ile miguu mimi si kitu, na bosi alikuwa na ushahidi mkononi.

"Kuna maneno huko chumba cha sauti," akasema, akinitazama juu ya miwani. "Eti hiyo si miguu yako. Ni ya nani?"

Wilma alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilikuwa nimempa koti langu anishikie nilipopigwa picha za magazeti. Kazi yangu ilikuwa kutaja jina tu.

"Yangu," nikasema.

Akamnyooshea Wilma kidole. "Na huyu?"

"Huyu ananishikia koti."

Bwana Brandt akacheka, akaniahidi filamu mbili. Asante ya punda ni mateke, naye Wilma aliyapokea amesimama wima. Akanivika lile koti, akanifungia vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Ijumaa akaondoka. Filamu iliyofuata walimtafuta mwingine wa kunipigia hatua, na hakuna kadi iliyotaja miguu tena.

Mwaka jana nikasikia anafundisha watoto ngoma huko Fresno. Nikaendesha gari asubuhi nzima nikirudia maneno ya kumwomba radhi. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wanagonga ovyo, na katikati yao nikaisikia ile miguu, ningeijua popote. Nikasimama kibarazani, nikashindwa kuingia.

Mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akanikazia macho. Akauliza kama mimi si Corinne Haslett, nikakubali.

"Jamani! Mwalimu wao anakusema kila siku," akanishika mkono. "Anawaambia, filamu yake ikionyeshwa kwenye televisheni, fumbeni macho, msikilize miguu ya Corinne Haslett. Mkiweza vile, mmeweza."

Akanipa kalamu na kipande cha karatasi. Nikamwandikia jina langu, nikarudi garini kabla somo halijaisha.