Jumba Lililotaka Pande Zote Zilingane

Niliota usiku wa jana kwamba Jumba la Kapteni limenipigia simu.

Jumba hilo liko Mji wa Kale, Mombasa. Lilijengwa enzi za Wareno na fundi aliyetoka Italia, zama za Renaisansi, ule mwamko wa sanaa wa Ulaya, watu wa kwao walipokuwa wamepagawa na vipimo: dirisha likiwa kushoto, sharti liwe na mwenzake kulia. Kamati yetu inalikarabati liwe nyumba ya kuwanyoosha viungo bure watu waliopigwa na kiharusi. Mimi ndiye katibu. Mamangu, Bi Mwanasiti, ndiye wa kwanza kwenye foleni, maana upande wake wa kulia umelala tangu mwaka juzi, na hakuna ninalolitaka duniani kuliko kuuona umeamka.

"Mmeniwekea swichi ya taa kushoto," Jumba lilisema kwenye simu. "Kulia je? Njoo."

Sikuvaa hata viatu. Kitanda changu kilikuwa kimeshafika langoni.

Ninaingia. Nguzo mbili za mlangoni zinanisalimu kwa pamoja, kisha zinanivalisha saa ya pili mkono wa kulia. Hiyo inakwenda kinyumenyume. Kazungu, fundi wetu wa chokaa, amesimama ukumbini upande wa kushoto, kashika pua.

"Una nini?" namuuliza.

"Nimepiga chafya," anasema. "Siruhusiwi kuondoka mpaka mtu apige nyingine kule."

Nakwenda kule, napiga chafya. Ananishukuru, anakwenda kula. Paka mwenye jicho moja anarudishwa langoni kwa heshima zote. Muuza kahawa ananimiminia vikombe viwili kwa mpigo, nami navinywa kwa mpigo, na kusema kweli sijawahi kunywa kahawa tamu hivyo. Nacheka peke yangu. Ukuta wa pili nao unacheka, ili tulingane.

Mara ukumbi umekuwa chumba cha Mama. Ameketi kitini, katikati kabisa, na timazi ya fundi, ile ya kupimia wima wa ukuta, inashuka kutoka darini kwa uzi wake, inasimama mbele ya pua yake.

"Bibi huyu halingani," linasema Jumba.

"Ni mgonjwa," nasema. "Ndiyo maana kaja."

"Kanuni ni kanuni. Kulia kumelala. Tutalaza na kushoto."

Hapo raha yote ikanitoka. Niliruka mbele ya kiti chake kwa miguu yote miwili sawasawa, na nguzo zikanipongeza.

"Kanuni yasema pande zilingane!" nikapiga kelele. "Haisemi upande upi umfuate mwenziwe. Amsheni kulia!"

Nguzo zinatazamana.

"Tulaze," inasema ya kushoto.

"Tuamshe," inasema ya kulia.

Hazijawahi kutofautiana tangu zisimamishwe. Chokaa inaanza kudondoka.

Mama hana wasiwasi wowote. "Mwanangu," ananiita, "nani huyu anisemaye kama vile sipo?"

"Ni Jumba, Mama."

"Ndilo hili? Hili lenye choo kimoja, huko nyuma kushoto? Kulia hakuna kitu, patupu! Miaka yote hii lajiringa barabarani, kumbe nyuma liko hivyo!"

Mawe yanaiva wekundu kuanzia msingini. Choo chenyewe kinajifungia mlango kwa aibu.

"Kajuaje?" linanong'ona Jumba.

"Mji huu una siri?" anasema Mama. "Na ngazi zenu za uani nikianza kuzieleza..."

Jumba linaniinamia mimi. "Tukimlaza kushoto, atanyamaza?"

"Ulimi uko katikati," nasema. "Hauna upande. Utabaki macho, naye atakuwa humu kutwa kucha, maana hataweza kuondoka."

Jumba linafikiri. Paa linapanda, linashuka.

"Amsheni kulia," linasema. "Upesi."

Nguzo ya kulia inainama, inagonga bega la Mama kwa adabu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hodi. Bega linaitika karibu. Kiwiko nacho kinaitika karibu. Hodi inashuka mkono mzima, huku watu wanamiminika wawili wawili kwa vigelegele, na paka wa jicho moja yumo, na hakuna anayemuuliza kitu. Nalia kwa furaha bila kuona haya. Hodi inafika kwenye kiganja.

Pa!

Nikaamka. Kumeshakucha. Sauti ilikuwa imetoka chumba cha Mama, nami nikakimbilia huko.

Alikuwa ameketi kitandani, viganja vimekutana kifuani.

"Mbu huyu kanisumbua usiku kucha," alisema.

Akavifungua kunionyesha. Mbu alikuwa amekufa, na damu ilikuwa kwenye viganja vyote viwili, sawasawa.