Jina la Mwenye Kofia

"Kondoo huyo hachinjwi, mama, nimeshasema mimi..."

"Umesema wewe nani? Aliyelala humo ndani nimemzaa mimi, na..."

"Na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Mwaka jana tulichinja mmoja, ikawaje?"

"Hakusikia. Mjerumani, kafa zamani, aitwe mara moja tu asikie?"

Bibi Efrazia alikuwa ameikumbatia ile kofia kama mtoto. Mama mdogo Jenoveva ndiyo kwanza katoka shamba la ujamaa, jembe bado begani. Mimi nilikuwa mlangoni na barua mfukoni, natamani ningekuwa huyo kondoo.

Kofia yenyewe ni ya ngozi nyeusi, juu ina chuma chenye ncha. Babu alimvua askari wa Kijerumani aliyekufa njia ya Handeni, vita ile ya kwanza, babu akiwa mpagazi. Alivua akaondoka, hata udongo hakumrushia. Ikakaa darini juu ya meko karibu miaka sitini, inakula moshi. Baba mdogo Yohane, huyo aliyelala ndani, alipoanza kuvimba miguu, hospitali wakasema ni moyo, hawana la kufanya. Bibi akaenda kwa mganga Lukozi, padri asijue. Mganga akasema marehemu anadai chake. Aitwe kwa jina lake, amwagiwe pombe, atamwachia Yohane.

Sasa jina. Msomi wa ukoo ni mimi, Sefania, niliyekuwa nimerudi kijijini kwetu Gare mwezi ule ule, baada ya kumvisha mbuzi joho la mahafali chuoni wakaona heri nipumzike nyumbani. Nikaigeuza kofia. Ndani kulikuwa na mhuri umefutikafutika. Kijerumani sijui hata salamu. Lakini wazee wote wananitazama, nikaona raha, nikasoma kwa sauti nzito: "Kapteni Otto Kramer." Jina nililiona kwenye boksi la misumari dukani kwa Athumani.

Wakachinja. Watu wazima na mvi zao wakamwaga pombe ya miwa chini: "Oto Kerama, chukua chako, tuachie chetu." Mimi nimeshika kibuyu, najiuma mdomo nisicheke.

Kicheko kilikatika Kwaresima, miguu ya baba mdogo ilipopasuka ikaanza kutoa maji. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka darasa la kwanza, mvua inanyesha. Nikaichukua kofia hadi kwa sista mmoja mzee wa Kijerumani pale misheni. Akavaa miwani, akasema hiyo ni namba tu, na mji ilikoshonwa. Nikaandika Ujerumani, zote mbili, kuuliza namba ile ilikuwa ya nani, maana sikujua marehemu angechagua ipi. Ya mashariki kimya mpaka leo. Ya magharibi ndiyo hii ya mfukoni, sista kanisomea asubuhi. Daftari za jeshi hilo ziliungua vita ya pili. Wanasikitika.

"Bibi," nikasema. "Hata ukichinja hatasikia. Lile jina nililitunga."

Jenoveva akatua jembe. "Ulilitunga vipi?"

"La kwenye boksi la misumari. La kweli nimelitafuta, mama mdogo. Halipo popote."

Bibi hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alikaa chini polepole, akaanza kuipangusa kofia kwa ncha ya kanga, yale masizi yasiyotoka.

"Tumemwita mwenye misumari," akasema, kama anayejisemea. "Na mwenyewe bado anangoja huko njiani."

Jenoveva alimtazama kondoo, akanitazama mimi.

Ndani kitanda kikalia. Ukuta wetu wa udongo hauzuii neno, tukajua kasikia yote.

"Sefania."

"Naam, baba."

"Mwacheni kondoo. Hiyo kofia mtanizika nayo, nikampe mwenyewe mkononi." Akapumua kidogo. "Hebu njoo hapa. 'Jina lako nani,' Wajerumani wanasemaje? Nifundishe. Na safari hii usinitanie."