Bunduki ya Metro Hrycak

Kama serikali ingemtukana, Orysia Hrycak angeielewa. Tusi lina pa kushika. Lakini barua iliyomfikia mwezi wa Mei ilikuwa na adabu kupita kiasi. Ilimsalimu, ikamshukuru kwa ushirikiano ambao hakuwa ameutoa, kisha ikamwarifu kwamba bunduki yake, iliyokuwa daraja la masharti kwa miaka kumi na tisa, sasa ni daraja la marufuku, na usajili wake umefutika. Asiipige, asiiuze, asimpe mtu. Aifungie kabatini. Msamaha, yaani muda wa kuisalimisha bila kushtakiwa, ungekwisha tarehe thelathini na moja Oktoba. Baada ya hapo, kuwa nayo ni jinai.

Bunduki ilikuwa ileile, na Orysia yuleyule, mjane wa miaka sitini na mitatu, mkulima wa ngano na ng'ombe nje kidogo ya mji wa Zelena, Saskatchewan. Kilichobadilika ni orodha tu.

Marehemu mumewe, Metro, ndiye aliyeinunua. Kitako cha kiwandani kilikuwa kirefu, kilimuumiza Orysia begani, basi Metro akakitupa na kuchonga kingine kwa mti wa mepo ulioangushwa na upepo nyuma ya zizi. Alichonga majira mazima ya baridi, akimwita kila mara aje aweke bega, akipunguza kidogo, akimwita tena. Baada ya hapo kila Jumapili wakitoka kanisani walikwenda uwanja wa shabaha, na mke akamshinda mume mpaka mume akafa. Orysia hakuwa na haja ya bunduki nyingine yoyote duniani. Na hii hakuwa tayari kuitoa.

Alipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye barua.

"Kwani ina kosa gani?" aliuliza.

"Iko kwenye orodha, mama," kijana wa ofisini alimjibu.

"Na kwa nini iko kwenye orodha?"

"Kwa sababu imepigwa marufuku."

"Mwanangu, jirani yangu Lorne ana bunduki ya risasi zilezile, nguvu ileile. Yake mbona imeachwa?"

"Yake ina jina lingine, mama."

Alipiga tena wiki iliyofuata, akapata jibu tofauti, na mara ya tatu akapata la tatu. Walimpiga danadana mpaka ng'ombe wakakosa kulishwa kwa wakati. Hapo ndipo alipoisoma sheria mwenyewe, mezani, miwani puani, akakuta kwamba mtu akifutiwa usajili wa bunduki ana siku thelathini za kwenda kwa hakimu. Yeye alikuwa siku ya ishirini na nane.

"Utapeleka kesi ya nyani kwa ngedere," Lorne alimwambia.

"Afadhali ngedere. Ngedere nitamwona uso."

Mahakama huja Zelena mara mbili kwa mwezi na kukaa katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu, baina ya ubao wa vishale na meza za bingo. Siku ya kusikilizwa, mwezi wa Septemba, ukumbi ulinuka vitunguu vya kukaanga vya jana yake. Hakimu Pelletier alikaa jukwaani, na koplo wa polisi akasimama mlangoni. Karani alikuwa Bev Lindqvist, aliyesoma darasa moja na Orysia. Wakili wa serikali, Bwana Fairbairn, alikuwa ametoka jijini kwa gari, na vumbi la njia lilikuwa bado viatuni.

"Mheshimiwa, hapa hakuna kesi," Fairbairn alianza. "Mahakama husikiliza rufaa dhidi ya uamuzi. Barua ile haikuwa uamuzi. Ilikuwa taarifa."

Orysia alisimama bila kuitwa. "Kwa hiyo hakuna aliyeamua kunifutia?"

"Hakuna, bibi."

"Basi bunduki yangu iko kama zamani. Jumapili naenda kupiga shabaha."

"Hapana! Ni marufuku."

"Nani kaipiga marufuku?"

"Imekuwa tu marufuku, bibi. Kwa nguvu ya orodha."

"Baba, hata mvua ya mawe ikiniharibia ngano namjua wa kumlaumu! Wewe unaniambia nimeibiwa na hakuna mwizi?"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka, alikuwa anaandika. Mwishowe akasema kwamba barua inayogeuza mali halali ya mtu kuwa jinai ni uamuzi hata kama haijui kwamba ni uamuzi, na kwamba atamsikiliza Bi Hrycak. Nafasi ya karibuni ilikuwa Desemba tarehe kumi na mbili.

Orysia alifurahi kwa muda wa pumzi moja.

"Ila mheshimiwa," Fairbairn alisema, na kwa haki yake alionekana kuona haya, "msamaha unaisha Oktoba. Itabidi aisalimishe kabla. Na zinazosalimishwa huyeyushwa."

"Kisha Desemba?" hakimu aliuliza.

"Desemba hatakuwa na bunduki, mheshimiwa. Asiye na bunduki hana cha kudai."

Orysia aliketi. Kiangazi chote alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa imembeba vizuri. Sasa ilimwishia ghafla, akaogopa. Alikiona kitako cha mepo ndani ya tanuru.

Hakimu Pelletier alivua miwani. "Wakili, umejisikia ulivyosema?"

"Nimejisikia, mheshimiwa."

"Vyema. Bunduki ni kielelezo katika kesi hii. Kielelezo hutunzwa na mahakama, hakisalimishwi wala hakiyeyushwi. Koplo, mfuate bibi kwake, uilete leo."

Kabla ya saa tisa ilikuwa imefika. Kabati la vielelezo lilikuwa kabati la chuma la jikoni mwa ukumbi, lenye kufuli mbili. Koplo aliishika bunduki mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Bev alitoa fomu ya stakabadhi, akaweka kalamu, akaiondoa.

"Shoga, kuna vimraba vitatu hapa. Daraja: kawaida, masharti, marufuku. Niweke alama wapi?"

"Marufuku," Fairbairn alisema.

"Ndicho tunachobishania hicho," Orysia alisema. "Ukiweka alama hapo umeshahukumu."

"Basi masharti?"

"Haiwezekani!" Fairbairn alisema.

Walimtazama hakimu, aliyekuwa akivaa koti. "Msiweke alama," alisema. "Karani, andika unachokiona."

Bev aliitazama bunduki, kisha akamgeukia Orysia. "Unaionaje wewe?"

Orysia aliweka kiganja juu ya kitako. "Andika, bunduki ya Metro Hrycak. Kitako cha mepo, kimechongwa kwa mkono. Kimepunguzwa inchi moja na nusu, kimfae mkewe."

Bev aliandika yote, neno kwa neno, akagonga muhuri, kisha akafunga kufuli zote mbili.

Ndani ya gari Orysia aliisoma stakabadhi mara mbili. Tangu Mei alikuwa amepokea karatasi kumi na moja za serikali kuhusu bunduki ile, na hii ndiyo ya kwanza iliyoonyesha kwamba kuna mtu ameiangalia. Akaikunja, akaitia kifuani, akalia, kisha akaenda kulisha ng'ombe.