Goti la Orest Demchuk

Mzee Clem Gaudry aliagiza supu ya njegere, akaikoroga mpaka ikapoa, hakunywa hata kijiko kimoja. Ndipo akaniambia niende kwa meneja wa timu nikaseme kwamba goti langu lilikuwa bovu tangu kabla hawajanichagua.

"Goti gani?" nikamuuliza.

"Lolote. Chagua wewe."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na bado nilidhani mtu mzima akisema upuuzi basi anatania. Yeye hakucheka. Alisogeza bakuli pembeni, akajifuta mdomo ambao haukuwa na kitu, akasema, "Jumatatu wananifukuza, Orest. Kwa sababu yako."

Hayo ni ya zamani. Siku hizi natengeneza mashine za kuvunia ngano hapa Dobrin, nilikozaliwa, na sina ugomvi na mtu. Lakini kila mwezi wa Juni, timu za hoki ya barafuni zinapokusanyika kuchagua vijana wapya, redio ya Port Dunmore, mji wa timu iliyonichagua, hufungulia watu simu wataje vijana waliowavunja moyo kuliko wote tangu timu ianze. Yupo mlevi mmoja. Yupo Mswidi aliyemkumbuka mama yake akarudi kwao hata kabla ya msimu kuanza. Yupo kipa aliyekuwa akifumba macho. Hao watu huwacheka, kisha huwasamehe. Mimi sisamehewi. Mimi ndiye wa kwanza, mwaka baada ya mwaka, na jina langu halitajwi bila neno mwongo kufuata nyuma.

"Demchuk alituuzia mbuzi kwenye gunia!" hupiga kelele mtu ambaye nina hakika hakuwa amezaliwa. Mke wangu Noreen huja akazima redio. Akitoka jikoni naiwasha tena, taratibu, sijui kwa nini. Nimechoka nayo kweli kweli, lakini nisiposikiliza nakuwa kama naogopa.

Ili unielewe, sina budi nikueleze habari za jiko.

Kiwanja cha barafu cha Dobrin kilijengwa na wanaume wa parokia, kwa mbao za kuombaomba na misumari iliyokwisha kutumika ikanyooshwa. Lakini wanaume walijenga tu. Waliofanya kiwanja kiwepo ni akina mama, waliokaa miaka na miaka wakikanda pirohi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na kuwauzia watu wa vijiji vyote vya jirani, na jiko lao lilikuwa pale pale, mwisho wa uwanja, limejengwa kabla ya barafu yenyewe. Wanaume walipopima wakakuta mambo mawili hayawezekani pamoja: ama jiko libomolewe, ama barafu iwe fupi. Wakaenda kwa mama yangu, Stefa, aliyekuwa mwenyekiti wa jiko. Hata hakuacha kukanda.

"Punguzeni barafu," aliwaambia. "Barafu hailiwi."

Basi ikapunguzwa. Tulikua tukicheza kwenye barafu fupi, na nyuma ya goli moja ulikuwa ukuta wa jiko, hivi kwamba mtu akisukumwa ukutani alisikia harufu ya vitunguu. Sisi tulizoea. Na mimi, nilikuwa jitu. Mabega yangu yalijaza mlango. Nikipata kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira katikati ya uwanja, nikapiga hatua chache tu, nilikuwa golini na wote waliokuwa mbele yangu wako chini. Hakuna aliyeweza kunikimbiza, maana hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Mzee Clem alikuja Februari moja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi nzima akiangalia vijana kwa niaba ya timu ya Port Dunmore, na siku ile alimfuata kijana wa timu ya wageni, wala si mimi. Dhoruba ya theluji ikaja ikafunga barabara. Wageni walilala ukumbini, Clem akalala kwenye kochi letu, na kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, tulicheza kila siku mpaka theluji ilipoondolewa njiani. Niliwafunga wale wageni mpaka nikaona aibu. Baada ya kila mechi Clem aliingia jikoni, akina mama wakamjazia sahani, pirohi na vitunguu vya kukaanga na kabichi zilizoviringishwa nyama ndani, naye akala akisifu huku amefumba macho.

Hakuna aliyemficha kitu. Ungemwambia nini? Kwetu ufupi wa barafu ulikuwa jambo la kawaida tu, na tena tulidhani mtu wa kazi ile anaona kwa macho yake.

Juni ikafika. Meneja wa Port Dunmore, Bramwell Tait, alimtaka kijana wa Kifini aitwaye Rautala, mwembamba, mwenye mbio za kutisha. Kwenye kikao cha kuchagua, Clem alipiga meza. Aliwaambia wote mle ndani kwamba Demchuk asipokuwa mchezaji, basi yeye Clem Gaudry hajui hoki. Nikachaguliwa wa tatu nchi nzima. Rautala akaenda wa nne, kwa mahasimu wetu, na kila kombe lililoko duniani amelinyanyua.

Mimi nilifika Port Dunmore nikaingia kwenye barafu siku ya kwanza ya mazoezi, nikadhani wamefanya makusudi. Ilikuwa ndefu! Nilianza mbio, goli naliona, nakwenda, nakwenda, na kila nikikaribia alikuwa ametokea mtu mdogo nyuma yangu akachukua kisahani kama anayeokota kitu chake. Wenzangu waliniita Kabati.

"Kabati, unakwenda sokoni?" kocha alikuwa akinipigia kelele. "Tununulie na mayai!"

Nilicheka nao mchana. Usiku nililia, sioni haya kusema. Miaka mitatu nilikaa zaidi kwenye timu ndogo, ya ligi ya chini, nikipanda basi kwenda miji ambayo hata wenyeji wake hawaipendi. Ila mwaka wa tatu, kocha wa kule chini alinirudisha nyuma kuwa beki, na kwa mara ya kwanza nikaona mwanga. Beki mkubwa hahitaji kukimbiza mtu, anasubiri waje. Walikuja, wakakutana nami, wakajuta. Timu moja ya magharibi ikaanza kuulizia habari zangu. Kocha aliniambia nivumilie mpaka msimu uishe, wangenichukua.

Hapo ndipo Clem alipokuja na ile supu yake.

"Nilikwenda Dobrin wiki iliyopita," alisema. "Nimeipima ile barafu kwa miguu yangu."

Nilianza kuikunja leso ya karatasi.

"Mbona hamkuniambia, Orest?"

"Hukuuliza, mzee. Tulidhani unaona."

"Nilikuwa nakula," akasema, na uso wake ulivyoanguka pale sitausahau.

Kisha akanieleza yote, polepole, bila kuficha. Tait angemfukuza kwa kumkosa Rautala, hilo lingeweza kupita, angepata timu nyingine, kila msaka vipaji hukosa. Lakini ikijulikana kwamba alimchagua kijana kwa kumwona kwenye barafu iliyokatwa na jiko, na jikoni humo alikuwa akila kila siku, wangemcheka nchi nzima na hakuna ambaye angempa tena hata kazi ya kushika mlango. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hakuwa amesoma. Alichojua ni kukaa kwenye baridi na kuangalia vijana.

"Lakini kijana akificha goti," alisema, "nani atanilaumu mimi? Wote wanaficha."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu mchezaji akiulizwa na daktari panauma wapi, anasema hapaumi, hata kama mfupa umetoka nje. Tumelelewa hivyo, na mama zetu hutusifu. Daktari aliyenipima mimi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwingiza matatani. Clem alikuwa ameshafikiria kila kitu.

"Na wale wa magharibi?" nikamuuliza.

Aliniangalia usoni. Hapo namsifu, hakunidanganya. "Hawatakuchukua. Mwenye goti bovu, tena mwongo? Hakuna atakayekuchukua." Akalirudisha bakuli mbele yake. "Sikulazimishi, mwanangu. Nakuomba."

Watu wangeniuliza kwa nini nilikubali, kama wangejua. Wala si jambo kubwa. Nilimpenda yule mzee. Kabla yake mimi nilikuwa mtoto mkubwa wa Dobrin ambaye wageni humsogezea kiti kwa hofu kwamba atakivunja. Yeye aliniangalia akaona kitu, akapiga meza mbele ya wakubwa zake. Nilijisemea kwamba beki naweza kuwa popote, yeye hana pengine pa kwenda. Nilikuwa mjinga wa hesabu hizo.

Ofisini, Tait alikuwa akila tofaa. Clem alisimama dirishani, ametupa mgongo. Nikasema maneno niliyofundishwa, kwamba goti la kushoto lilikuwa linaachia tangu nikiwa Dobrin, kwamba nilimficha daktari, nikamficha na Bwana Gaudry, na sasa limenizidi.

Tait alitafuna mpaka akamaliza. "Clem, ulijua?"

Clem aligeuka. Akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza, kisha akafunika uso kwa kiganja. Nikasema moyoni, lo, mzee anaigiza vizuri.

"Kumbe miaka mitatu unatufanya wajinga," Tait akaniambia. "Chukua viatu vyako utoke."

Nilitoka. Timu ya magharibi haikupiga simu tena. Jambo la ajabu ni kwamba nyumbani Dobrin walinipokea kama shujaa, kijana aliyecheza miaka yote kwa goti moja, wakaninunulia bia. Mama alilia akalibusu goti lenyewe. Ningewaambia nini? Nilianza kuchechemea kidogo mbele za watu, halafu nikazoea, na sasa hata nikiwa peke yangu gereji nachechemea. Nilipooa, Noreen alilirithi. Kila majira ya baridi hunikalisha karibu na jiko la kuni, akanisugua goti kwa dawa ya kuchua mpaka linawaka, na mimi namwambia asante, limepoa. Mikono yake ni mizuri, na dawa ile inanuka vibaya.

Clem alibaki kazini. Alichagua vijana wazuri sana baada ya hapo, wengine majina yao yamechongwa kwenye makombe. Hakunipigia simu hata siku moja, nami nilimwelewa. Ila nilimsikia kila Juni redioni, maana hawakuacha kumwuliza, mzee, kwa Demchuk uliteleza wapi? Miaka ya mwanzo alijikwaa, akakohoa, akasema kijana alikuwa na goti. Baadaye akawa anaeleza vizuri zaidi. Mwishoni alisimulia mpaka mtangazaji akamwonea huruma, jinsi alivyokaa nami mezani kwa mama yangu akaniuliza macho kwa macho, una maumivu, nami nikamjibu sina.

Mwezi uliopita mkewe, Yvette, alinipigia. Mapafu ya Clem yalikuwa yamekwisha, na alikuwa ananitaja. Nikawasha gari siku hiyo hiyo.

Njia nzima nilijua ninachokifuata. Sikutaka redio ijue, redio nimeshaizoea. Nilitaka aseme tu mbele ya Yvette. Sentensi moja: hapakuwa na goti, huyu alinibeba. Ili nikifa mimi pia, awepo mtu mmoja duniani aliyejua kwamba Orest Demchuk hakuwa mwongo wa namna ile, alikuwa mzito tu, na pengine angekuwa beki.

Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza cha vioo, mrija puani, blanketi magotini, mchana kweupe. Alikuwa amesinyaa. Alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Orest. Nimekufikiria sana."

"Hata mimi, mzee."

"Sitaki kuondoka na kitu moyoni. Lile goti." Yvette alikuwa amesimama mlangoni na chai, anasikia kila neno. Moyo wangu ulidunda mpaka nikaona haya, mtu mzima mimi. Clem alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena.

"Nimekusamehe," akasema. "Siku nyingi nimekusamehe. Ulikuwa mtoto. Ungeniambia tu, mwanangu. Tungelitibu."

Nilimtazama machoni nikitafuta kama anatania, au anamwogopa mkewe. Hamkuwa na kitu humo, isipokuwa machozi, na yalikuwa ya kweli.

"Na lile jiko, mzee?" nikamuuliza kwa sauti ya chini. "Unalikumbuka jiko?"

Alifikiri. Uso wote ukafunguka kwa tabasamu. "Ah! Mama yako na pirohi zake. Sijala tena kitu kitamu vile."

Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa baridi, na bado umeng'ang'ania wangu.

"Asante, mzee," nikamwambia. "Asante kwa kunisamehe."

Yvette aliweka chai mezani. Kisha akainama akanisogezea kigoda chenye mto, akanigonga bega taratibu, akasema ninyooshe mguu, safari ilikuwa ndefu, goti litakuwa linauma.

Nikaunyoosha.