Matembezi na Wifi

Dawa za saratani zilipoanza kuingia mwilini, fundi cherehani aliacha kwanza kushona, halafu kupika, halafu hata kukaa sebuleni. Ulikuwa uchovu wa ajabu: unalala nao mchana kutwa na unaamka nao vilevile. Nywele zilipokatika hakulia. Alilia siku mkasi ulipomshinda kuinua.

Muuguzi wa kliniki alimkataza kujilaza tu. "Tembea, mama. Kidogo kidogo. Mwili ukikaa bure, uchovu unazidi."

"Nitembee kwenda wapi na miguu hii?"

"Anzia mlangoni."

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari. Aliyejitokeza ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mnene mwenye mdomo, ambaye tangu harusini alikuwa akitangaza kwamba mdogo wake ameoa mifupa. Alifika asubuhi amevaa raba za mwanawe.

"Inuka wewe! Kitanda chenyewe kimekuchoka."

Wakaenda mpaka mlangoni. Baadaye mpaka getini. Baadaye, wakiushika ukuta wa jirani, mpaka kona ya barabara, na hapo wifi akahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

"Hivi mgonjwa ni nani kati yetu?" fundi aliuliza.

"Nyamaza, nitakuacha hapahapa."

Walicheka mpaka wapita njia wakageuka.

Yale matembezi yalimsaidia. Si sana, lakini alianza kula akiwa amekaa mezani. Mkono wa upande aliopasuliwa titi aliupandisha ukutani taratibu kama alivyofundishwa, na alasiri moja akakaa kwenye cherehani akapinda pindo la sketi. Mshono ulikwenda upogo. Wifi akausifu kwa sauti kubwa, wote wawili wakijua ni uongo.

Kisha wakaitwa kwa daktari. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini. Dawa zingesimamishwa.

Kesho yake wifi alikuja na raba zake. "Haya, twende."

"Kwa ajili ya nini?"

Wifi aliinama kukaza kamba za raba.

"Nilidhani nikitembea nitapona," fundi alisema.

"Muuguzi hakusema hivyo, wifi yangu."

"Najua hakusema. Mimi ndiye niliyesikia hivyo."

Walikwenda hivyohivyo, maana mle ndani hamkukalika. Waliishia getini. Wiki iliyofuata waliishia mlangoni, na hatimaye kitanda kikawa ndio mwisho wa safari. Hapo wifi alimkunja goti na kulinyoosha, akamwinua mkono na kuushusha. Hawakutaniana tena. Fundi alitazama dari tu, akimwachia viungo vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mumewe aliporudi aliwakuta hivyo. Alisimama na begi lake begani.

"Inamsaidia?" alimnong'oneza dada yake.

"Hapana," wifi alisema, akaushika mguu wa pili.

Fundi alifariki Ijumaa adhuhuri, wifi akiwa ametoka kununua sabuni.